Laptopu ya GB 32: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli?

Hapa Arusha, Lemara ni jirani wa Njiro, na Njiro ndiko kilipo Chuo cha Uhasibu Arusha ambacho, licha ya jina lake, kinafundisha pia sayansi ya kompyuta. Mwanafunzi anayepanga chumba Lemara na anayetaka laptopu ya bei nafuu, mara nyingi ataangukia mashine za jamii ya HP Stream ya mwaka 2014: RAM GB 2, diski GB 32, na diski yenyewe imechomelewa kwenye bodi. Ushauri atakaopewa ni mwingi. Baadhi yake ni wa kijiweni tu.

"GB 32 hazitoshi kuandikia programu."
Si kweli, ingawa anayesema hivyo hajaota. Lugha za programu hazina ulafi. Python nzima ni kama MB 100 hivi. Turbo Pascal, iliyotolewa na Borland mwaka 1983, katika toleo lake la tatu ilikuwa na sehemu ya kuandikia na kompaila yake ndani ya faili moja lisilofika KB 40! Mlafi ni Windows na masasisho yake. Windows 11 inataka diski ya GB 64 kwenda juu, kwa hiyo hapa haina nafasi. Windows 10 inaingia kwa kubanana, na Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Kuna faili moja limejificha kwenye diski C, hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida hushika asilimia 40 ya RAM yako. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, nalo linaondoka hapo hapo. Utapoteza usingizi mzito wa kompyuta na ule uwashaji wa haraka, basi.

"Bila Visual Studio huwezi kitu."
Si kweli. Hapa watu huchanganya majina. Visual Studio hula kwa kawaida GB 20 hadi 50. Visual Studio Code ni programu nyingine kabisa, na haifiki MB 500 kabla hujaongeza vikorombwezo. Hali kadhalika Anaconda, kifurushi cha Python: inakuletea gigabaiti kadhaa za vitu ambavyo anayeanza Python hatavigusa mwaka mzima.

"Programu za Android usijaribu."
Karibu kweli. Android Studio inadai GB 8 za diski hata kabla ya emuleta, ile simu ya kuigiza. Emuleta unaweza kuikwepa: chomeka Tecno yako kwa waya, ijaribie programu huko huko. Lakini Google wanataka pia RAM GB 8, na hiyo itakukwamisha mapema kuliko diski.

"Nunua flashi ya TB 2 barabarani, umemaliza."
Si kweli, na hapa ndipo pesa zinapotea. Flashi ya bei ya chipsi yenye maandishi ya TB 2 huwa na gigabaiti chache tu ndani. Kilichobadilishwa ni taarifa inayoipa kompyuta. Utanakili kazi zako, majina ya mafaili yataonekana yote, kisha ukiyafungua unakuta yameharibika, maana mapya yaliandikwa juu ya ya zamani au hayakuandikwa popote. Omba uijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Flashi halisi ya GB 32 inafaa sana kuwekea video, vitabu na miradi iliyokwisha.

"Hamia Linux."
Kweli. Lubuntu au Debian yenye eneokazi jepesi, pamoja na Python, Git na kihariri cha Geany, vinakaa kwenye diski hiyo na nafasi nzuri inabaki. Wala si jambo geni mkoani kwetu. Kule Karatu, shirika la Powering Potential liliweka kwenye shule za sekondari kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Raspberry Pi ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35 bila diski yoyote: Linux, Python na kazi za mwanafunzi vyote hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Ikijaa, unachomoa na kuchomeka kubwa zaidi, jambo ambalo fundi hatakufanyia kirahisi kwenye diski iliyochomelewa.