Kangomba, Kibaba na Mkate wa Jirani

Akina mama wapendwa, ninyi mlioko Matambarale, wilayani Ruangwa, na jirani zenu wa Nachingwea, hamhitaji kuelezwa kangomba ni nini. Kwa ajili ya wasomaji wetu wa mikoa isiyo na mikorosho, tueleze kwa kifupi. Ni ununuzi wa korosho nje ya chama cha ushirika, mara nyingi kwa bakuli au kopo badala ya mizani, na mara nyingi mkorosho ukiwa haujatoa hata ua. Mwenye fedha hufika wakati wa njaa, baada ya Krismasi, chakula kimekwisha na shule zimefunguliwa. Anaacha fedha. Mwezi wa kumi anarudi kuchukua mzigo wake.

Viongozi wa Serikali wameikemea kangomba miaka nenda rudi, nasi kwa upande wa sheria hatuna la kuongeza. Tunataka kuitazama kwa macho ya Wayahudi, kwa sababu walimu wao walilijadili jambo hili hili zaidi ya miaka elfu moja kabla Wareno hawajaleta mkorosho Afrika Mashariki.

Wayahudi si watu wa kwenye Biblia tu. Karibu na Mbale, nchini Uganda, ipo jamii ya Wayahudi Waafrika, Abayudaya, iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Wengi wao ni wakulima kama ninyi, na mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na jirani zao Wakristo na Waislamu, wakauita Mirembe Kawomera. Sisi tumezoea kuwasikia walimu wa sheria wa Kiyahudi wakitajwa mahubirini kwa lawama, kwamba walitoa zaka ya mnanaa na bizari wakasahau mambo makubwa. Ni vema tujue pia walipima nini kingine.

Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa Galilaya karibu na mwaka 200, ni marufuku kupatana bei ya mazao kabla bei ya soko haijatoka. Sababu yao ni hii: fedha inayotolewa wakati wa dhiki na kurudi kama nafaka ya bei ya kutupa ni mkopo wenye riba, hata kama watu wanauita biashara. Riba ya namna hii, iliyojificha, waliiita vumbi la riba. Haionekani kama tofali la riba, lakini inaingia machoni vilevile.

Tupige hesabu. Tuseme mama amepokea shilingi 100,000 mwezi wa Februari kwa gunia la kilo 100, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Oktoba 2024, bei katika minada ya kwanza ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hata tukiondoa makato, laki moja imegeuka karibu laki nne kwa miezi minane, na hapo hatujasema lolote juu ya bakuli linalojazwa hadi kumwagika.

Nani hukubali bei kama hiyo? Aghalabu ni mama, kwa kuwa ndiye anayekitazama chungu kitupu. Wakati mwingine ni baba, kwa siri, na mama hujua siku magunia yanapobebwa. Ugomvi wa siku hiyo tunaufahamu.

Lakini tusijifanye kwamba wanunuzi hatuwajui. Wengine ni akina mama wenzetu, wa kwaya na wa vikundi vya maombi, walioanza na mtaji wa vitenge na sukari. Ukimwuliza mmoja wao atakuambia anamsaidia jirani. Na ni kweli, watoto wa jirani walikula. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana dhambi hii huja imebeba unga mkononi.

Novemba 2018, bei ya wanunuzi ilipokuwa chini, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Kabla ya malipo mashamba yalihakikiwa ili wenye mzigo wa kangomba wajulikane. Wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu, na mtu anayesubiri hivyo ndiye mwenye kangomba anayemtafuta.

Juu ya vipimo walimu hao walikuwa wakali zaidi. Mwenye duka alitakiwa kusafisha vipimo vyake mara mbili kwa juma, na mizani kila baada ya kupima, ili mabaki yaliyoganda yasimpunje mnunuzi. Talmudi inakwenda mbali zaidi: kipimo cha uongo kisikae nyumbani kabisa, hata kama unakitumia kwa haja ndogo usiku! Maana siku moja mtu asiyejua atakiokota na kupimia. Dada yetu mwenye lile kopo lililotanuliwa, asiseme amelistaafisha.

Walimu hao hawakukataza kumsaidia mwenye shida. Walikubali mtu atoe fedha mapema, mradi mzigo uhesabiwe kwa bei ya soko itakapotoka. Hili linawezekana hata kwetu. Kikundi cha akina mama kinaweza kumkopesha mwenzao Februari, naye akapeleka korosho zote chama cha msingi, ziuzwe mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha akarejesha fedha aliyokopa.

Limebaki jambo moja dogo, nasi tunalipenda. Mwalimu Hilleli alifundisha kwamba hata mwanamke asimwazime jirani mkate bila kutaja kwanza thamani yake, ngano isije ikapanda bei na anayerudisha mkate akawa amelipa riba. Wenzake hawakukubaliana naye. Mkate wa jirani, walisema, uazimwe na urudishwe bila hesabu. Nasi tuko upande wa hao wenzake. Aliyepokea kibaba cha unga Februari arudishe kibaba cha unga mahindi yakivunwa, na korosho zake ziende chamani zikiwa bado zake.