Fedha Kidogo kwenye Unga Mweupe

Unga wenyewe unaufahamu. Ndio unaoifanya rangi ya ukutani iwe nyeupe pe, na umo pia kwenye losheni za kujikinga na jua: titani dioksidi. Madini yanayoutoa, ilimenaiti na rutaili, yalichimbwa mchangani Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwisho wa 2024. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba wameutumia kupasua maji kwa mwanga. Sisi tunautaka kwa kazi chafu zaidi, kuvunja rangi za vitambaa zinazomwagwa mtoni.

Unga huu ni semikondakta. Mwanga wenye nguvu ukiupiga, elektroni huruka na kuacha tundu. Tundu likikutana na maji huzaa hidroksili, chembe kali isiyochagua, inayoikatakata molekuli ya rangi. Elektroni nayo hudakwa na oksijeni iliyomo majini, na hapo huzaliwa mshambuliaji wa pili.

Tatizo ni kwamba unga wa aina ya anataisi huamshwa na urujuanimno tu, ambao ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua. Baya zaidi, elektroni na tundu hurudiana upesi, mara nyingi kabla hazijagusa kitu, na nishati yote ikaishia kuwa joto.

Hapo ndipo fedha inapohitajika. Nasema madini, si za mfukoni, ingawa mwishowe zote mbili hutumika. Koroga gramu 1 ya unga kwenye maji, tia miligramu 16 hivi za nitrati ya fedha na methanoli kidogo, pitisha naitrojeni kufukuza oksijeni, kisha washa taa ya urujuanimno. Methanoli huyashughulisha matundu. Elektroni, zikikosa pa kwenda, huziendea ioni za fedha na kuzigeuza kuwa madoa ya metali palepale juu ya unga. Utaliona kwa macho: kilichokuwa kama maziwa kinaingia kijivu, halafu hudhurungi inayovutia zambarau. Chuja, osha, kausha.

Madoa hayo ya nanomita chache ni mtego. Elektroni ikishaingia hairudi kirahisi, na tundu linapata muda wa kufanya kazi. Fedha pia hunasa mwanga tunaouona kwa macho. Lakini ukizidisha, madoa huuzibia unga mwanga, na mtego wenyewe unakuwa mahali pa elektroni na tundu kukutania.

Kupima ndiko kunakotuumbua. Wengi hutumia rangi iitwayo methilini bluu kwa sababu kufifia kwake huonekana wazi. Mara ya kwanza niliona bluu imepungua nikashangilia, kumbe taa sijaiwasha! Rangi ilikuwa imejibandika tu kwenye unga. Tangu hapo nakoroga nusu saa gizani kwanza, ndipo naanza kuhesabu. Isitoshe, maji halisi ya kiwandani yana chumvi na sabuni, ambazo nazo huila hidroksili.

Kuna hila nyingine. Methilini bluu ikipokea elektroni mahali pasipo na oksijeni hupoteza rangi bila kuvunjika. Ndiyo maana napima pia kaboni iliyobaki majini. Chupa moja niliyoiacha imefungwa chini ya taa ilitoka safi kama maji ya mvua. Nikaifungua, nikaitikisa, hewa ikaingia. Bluu ikarudi.