Mtandao Umeongezwa Nguvu. Kibaba cha Nyumbani Je?

Ndugu msomaji, kama makazi yako ni Somanda, Dutwa au Nkololo katika Bariadi, au uko ng'ambo kidogo Maswa, Itilima, Meatu au Busega, bila shaka umepata kuletewa ujumbe katika simu yako ukikupongeza kwamba mtandao wa eneo lako umeboreshwa. Vijana wa nyumbani hufurahi, kwa sababu picha ambayo zamani ilihitaji subira ya kupikia maharage sasa hufunguka mara moja. Lakini baada ya wiki mbili tatu, yule anayeshika fedha za nyumba, ambaye aghalabu ni mama, huanza kuuliza: mbona fedha ya vocha imepanda ilhali bei ya kifurushi haikubadilishwa?

Swali hilo si dogo. Simu leo imeketi katika hesabu za nyumba pamoja na unga, mafuta ya taa, sabuni na daftari za watoto. Yafaa basi tuelewe mtandao unapoongezwa nguvu ni kitu gani hasa kinachotendeka, kwa nini mfuko huumia, na mteja ana njia gani za kujilinda.

TULIKOTOKA

Wazee wanakumbuka enzi za Shirika la Posta na Simu, ambapo kupiga simu ya mbali kulikuwa safari: kwenda posta, kuandikisha namba, kungoja kuitwa, na pengine kurudi nyumbani bila kuzungumza na mtu. Sheria ya mwaka 1993 ililigawa shirika hilo, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1994 Mobitel ilianzisha simu za mkononi nchini. Vodacom ilifuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Zain na kisha, mwaka 2010, Airtel. Halotel ilifungua milango mwaka 2015 ikijinadi zaidi vijijini.

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, simu ya mkononi tayari ilikuwa kitu cha kawaida mjini. Vijijini mambo yalikuwa mengine. Palikuwa na vichuguu, miti na majabali yaliyojulikana na kila mtu kuwa ndipo "mtandao unaposhika", na mtu aliyetaka kumpa ndugu yake habari za msiba alikwenda huko hata kama ni usiku.

Enzi hizo pia mtu alitembea na laini mbili au tatu, na wengi wakadhani ni ubishoo tu. Sababu yake ilikuwa ya fedha. Kampuni moja ikipeleka simu katika mtandao wa kampuni nyingine hulipa ada ya kuunganishwa, na ada hiyo ilikuwa kubwa. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Mwezi huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliishusha hadi shilingi 34.92, na ikaendelea kuipunguza mwaka hata mwaka mpaka ikafika shilingi 2 tu mwaka 2022. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowezesha kuja kwa vifurushi vya "mitandao yote", na laini nyingine zikabaki kabatini.

MNARA UNAPOONGEZWA NGUVU

Watu husema "wameongeza mnara", lakini mara nyingi mnara ni uleule. Kinachobadilishwa ni vifaa vilivyoning'inizwa juu yake na njia inayouunganisha na ulimwengu. Mnara wa kizazi cha pili, yaani 2G, hubeba sauti na ujumbe mfupi vizuri, na huduma za kutuma fedha hupita humo bila taabu. Ule wa 3G huleta intaneti ya kadiri, na wa 4G huleta intaneti ya kasi.

Tena, mawimbi hayalingani. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vyema kuliko ya masafa ya juu. Ndiyo maana, TCRA ilipopiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, jambo hilo liliwahusu sana watu wa nchi tambarare na pana kama ya kwetu, ambako nyumba zimetawanyika katikati ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe.

Mahali ambapo biashara peke yake haivuti kampuni kujenga, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mwezi Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu, pamoja na kuiongezea uwezo minara mingine 304 iliyokuwa ikitoa huduma hafifu.

Hata hivyo, mnara kuwa na 4G si hoja ya kumfikisha kila mteja kwenye 4G. Mwenye simu ya kitochi ataendelea kuzungumza kama jana. Mwenye simu janja, lakini laini yake ni ya zamani, hana budi kuibadilisha kwa wakala au duka la kampuni. Na mwenye vyote viwili, akiwa nyuma ya kilima mbali na mnara, bado ataona alama ya 2G kwenye kioo chake. Kabla hujalaumu au kusifu, tazama kwanza ni lipi kati ya mambo hayo matatu linalokuhusu.

KIFURUSHI KIMEKWENDA WAPI?

Sasa tulirudie lile swali la mama mwenye nyumba. Wengi husema MB zao zimeibiwa. Makosa ya kampuni hutokea, na mteja ana haki ya kudai. Lakini iko sababu nyingine iliyo ya kila siku, nayo haionekani kwa macho.

Mtandao ukiwa wa polepole, simu yenyewe huteremsha ubora wa video ili isikwamekwame. Saa nzima ya kutazama kwa ubora wa chini yaweza kula MB mia moja na kitu. Mtandao ukipata kasi, simu ileile huchagua ubora wa juu bila kumwuliza mwenyewe, na saa hiyohiyo moja yaweza kupita GB moja. Mtazamaji ni yuleyule, mchezo ni uleule, kioo ni kilekile cha kiganjani. Kilichozidi ni matumizi. Zaidi ya hayo, programu zilizomo ndani ya simu hujisasisha zenyewe, na picha na video za makundi ya ukoo na ya kwaya hujipakua hata kabla hazijatazamwa.

Kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye kifurushi yaweza kubaki palepale, na gharama ya nyumba ikapanda. Bomba likipanuliwa, tangi hukauka upesi. Hiyo ndiyo siri ya maboresho ambayo ujumbe wa pongezi hausemi.

BEI NA KODI

Katika kila vocha ya shilingi 1,000 kuna fedha isiyofika kwa kampuni. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi baada ya 2014, ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 17, na juu yake ikawekwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ukipiga hesabu hiyo, katika shilingi 1,000 huduma yenyewe ilikuwa na thamani ya kama shilingi 724, na zilizobaki zilikuwa kodi. Kodi hujenga shule na zahanati, na hatuipingi. Lakini ni vyema mlipaji ajue kuwa analipa.

Wananchi wameonyesha mara kadhaa kwamba bei ya simu si jambo la kuwapita kimya. Tarehe 2 Aprili 2021, siku ambayo kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika, wateja waliamka wakakuta vifurushi vimepungua ghafla kwa fedha ileile. Kelele ilikuwa kubwa nchi nzima, na Serikali ikaagiza bei za awali zirudishwe. Mwezi Julai mwaka huohuo ilianza tozo ya miamala ya simu, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kadiri ya fedha inayotumwa au kutolewa. Malalamiko yakaja tena. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa zaidi.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba kanuni zile za 2021 zilikuwa na manufaa kwa mteja. Zilitaka aarifiwe matumizi yanapofika asilimia 75 ya kifurushi na yanapofika asilimia 100, na zilitaka aweze kumhamishia mwingine sehemu ya kifurushi chake.

ANUNUAYE KIBABA HULIPA ZAIDI

Liko jambo linalomgusa mkulima wa Simiyu kuliko mtumishi wa mshahara. Fedha ya pamba huja kwa msimu. Wakati wa mauzo, nyumba hupumua. Miezi ya palizi, nyumba hukaza mkanda. Mtu wa namna hiyo hununua kifurushi cha siku kwa shilingi 500, kama anavyonunua sukari ya kupima kwa kijiko.

Tuseme, kwa mfano, kifurushi cha siku cha shilingi 1,000 kina MB 300, na cha mwezi cha shilingi 15,000 kina MB 7,500. Wa kwanza analipa zaidi ya shilingi 3 kwa kila MB. Wa pili analipa shilingi 2. Akinunua cha siku kila siku kwa siku thelathini, ametoa shilingi 30,000, mara mbili ya mwenzake. Na kama jioni ile alikuwa shambani, MB zilizobaki zimekufa saa ishirini na nne zilipotimia. Hapo ndipo tunapoona kwamba mwenye fedha chache ndiye anayeuziwa kwa bei kubwa. Mkopo wa salio nao, unaokuja kwa lugha tamu wakati mfuko ni mtupu, huwa na ada yake, na hukatwa mara tu vocha mpya inapoingia.

Dawa si kuiacha simu. Kwayo mama wa Lamadi huulizia bei ya dagaa kabla ya kupanda gari, na mzazi wa Mwanhuzi hupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam bila kumtuma mtu. Dawa ni kuitawala.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, wekeni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni kwa mwezi mmoja tu kila vocha iliyoingia katika nyumba, ya baba, ya mama na ya vijana. Jumla yake itawashangaza.

Pili, gawanyeni bei kwa idadi ya MB kabla ya kununua, na muangalie muda wa kuisha. Kifurushi kikubwa kinachokufa kesho si rahisi.

Tatu, ingieni katika mipangilio ya simu, mzime upakuaji wa video usio na ruhusa, na mchague ubora wa chini wa video. Kazi hiyo mpeni kijana, naye ajibu kwa matumizi.

Nne, kama salio limekatwa bila maelezo, andikeni tarehe, saa na kiasi, kisha mlalamike kwanza kwa kampuni yenyewe na mwombe namba ya malalamiko. Msipotendewa haki, iko TCRA, na lipo Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa na sheria ya mwaka 2003 ili kumsemea mteja. Lalamiko lenye tarehe na kiasi husikilizwa. Manung'uniko ya kijiweni hupeperuka na upepo.

Tano, kumbukeni kwamba tangu Machi 2017 mteja aweza kuhamia kampuni nyingine bila kupoteza namba yake. Lakini haki hiyo ina uzito pale tu penye kampuni zaidi ya moja. Katika kijiji chenye mnara wa kampuni moja, mteja hana pa kuhamia, na bei haina wa kushindana nayo. Kwa hiyo mikutano ya kijiji inapozungumzia mawasiliano, isiishie kuomba mnara. Iulize pia ni kampuni ngapi zitakazoning'iniza vifaa vyao juu ya mnara huo, maana nguzo moja yaweza kubeba wengi.

Mnara mpya ni jambo la heri, na aliyepata kupanda kichuguu usiku wa manane akimtafutia mgonjwa gari hatakubali kurudi alikotoka. Lakini maendeleo ya mtandao hayapimwi kwa kasi peke yake. Yapimwe pia kwa daftari la nyumba mwisho wa mwezi: simu imeleta kiasi gani, imekula kiasi gani, na nani nyumbani anajua hesabu hiyo. Nyumba inayojua hesabu hiyo haitaogopa ujumbe wowote wa kampuni, uwe wa pongezi au wa bei mpya.