Kuziba Ufa Chini ya Lami: Kalvati Hukarabatiwaje Bila Kuchimba Barabara?

Mvua za masika zinapokaribia, wakazi wa Kona ya Musa, Mabokoni na Ukunda huikagua mitaro iliyo mbele ya nyumba na maduka yao. Mtaro ulioziba unaonekana kwa macho. Kalvati lililopasuka chini ya lami halionekani, mpaka siku barabara inapobonyea na gari kutumbukia.

Madhara yake hayaishii kwa dereva huyo. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ndiyo inayobeba matatu, malori ya mpakani na ambulensi ziendazo Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Ikikatwa kwa ajili ya kutoa bomba moja bovu, wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi wote huumia. Kwa sababu hiyo wahandisi siku hizi huanza kwa kuuliza: je, bomba hili linaweza kutengenezwa kutoka ndani? Mara nyingi linaweza, mradi masharti ya kazi na usalama wa watu yafuatwe.

Barabara huanza kuharibika wapi?

Kalvati hujengwa kwa vipande vya saruji vilivyounganishwa. Magari mazito yakipita kwa miaka, viungo hulegea na nyufa hutokea. Maji ya mvua yakipenya kwenye ufa huondoka na mchanga ulio kando ya bomba. Kila mvua huchukua kidogo, na pango hukua taratibu chini ya lami.

Dalili ya kwanza ni lami kudidimia kidogo juu ya kalvati, au shimo linalorudi mahali pale pale kila likizibwa. Kumwaga kifusi juu hakusaidii, kwa maana kifusi nacho kitasombwa. Ni sharti bomba lizibwe kwanza, kisha pango lililo nje yake lijazwe uji wa saruji unaosukumwa kwa pampu.

Kuchimba kuna ugumu wake hapa kwetu. Maeneo mengi ya Diani yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na kuuvunja kunahitaji mashine nzito zenye kelele na mtikisiko. Kando ya barabara hizo hizo mna mabomba ya maji safi, nyaya za umeme na nyaya za intaneti. Handaki lenyewe lina hatari: kuta za mchanga zisipoegemezwa mbao au vyuma, huporomoka na kumfukia fundi.

Njia mbili za kutengeneza kutoka ndani

Njia ya kwanza ni kuingiza bomba jipya ndani ya lile kuukuu. Bomba la plastiki ngumu, jembamba kidogo kuliko kalvati, huvutwa kwa winchi au kusukumwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Nafasi inayobaki katikati ya mabomba hayo mawili hujazwa uji wa saruji. Njia hii hufaa makalvati makubwa na yaliyonyooka.

Njia ya pili ilianzia London mwaka 1971, ambako mhandisi Mwingereza Eric Wood alitumia mfuko wa kitambaa kutengeneza bomba la majitaka. Mfuko hulowekwa gundi nzito iitwayo resini, kisha huingizwa ndani ya bomba na kujazwa maji au hewa mpaka ugandamane na kuta. Halafu gundi hukaushwa kwa maji moto, mvuke au taa za miale ya urujuanimno. Ikishakauka, mfuko huwa mgumu, na bomba jipya lisilo na viungo linapatikana ndani ya lile la zamani.

Kabla ya njia yoyote kati ya hizo, kuna hatua tatu zisizorukwa. Bomba husafishwa kwa maji yenye nguvu hadi mchanga na taka zote zitoke. Kamera hupitishwa ndani kuonyesha ni wapi palipopasuka. Kisha maji yanayopita huzuiwa na kuhamishwa kwa pampu hadi upande wa pili. Kwa hiyo kazi hii hupangwa wakati wa kiangazi. Kwa bomba linalomwaga baharini, hupangwa pia kwa kufuata maji: wakati wa maji mafu bahari hairudi juu sana kama wakati wa bamvua.

Je, bomba halitakuwa dogo?

Hili ni swali la haki. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 600. Likivikwa gamba jipya lenye unene wa milimita 12, hubaki na kipenyo cha milimita 576, na nafasi ya maji kupita hupungua kwa takriban asilimia 8. Lakini saruji iliyochakaa ni ya kukwaruza na ina viungo vinavyonasa taka, ilhali gamba jipya ni laini na maji hukimbia ndani yake. Kwa hesabu za wahandisi, bomba hilo laweza kupitisha maji sawa na awali au hata zaidi.

Hata hivyo, njia hizi haziponyi kila ugonjwa. Bomba lililoporomoka kabisa halipitishi mfuko. Bomba lililowekwa bila mteremko wa kutosha litabaki hivyo hivyo. Na kalvati lililojengwa miaka ambayo mtaa ulikuwa mashamba ya minazi na mikorosho, likawa dogo sasa kwa kuwa kila plotí ina paa na sakafu ya saruji, halitapanuka kwa kuvikwa gamba. Hapo hapana budi kuchimba na kuweka kubwa zaidi.

Kutochimba hakumaanishi hakuna hatari

Hatari kubwa iko ndani ya manholi. Taka zinazooza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imekwisha kumbe ndiyo imekolea. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, hairuhusiwi kitaalamu mtu kuingia bila kifaa cha kupumulia.

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, iliripoti mwaka 1986 kwamba zaidi ya nusu ya waliokufa katika sehemu za aina hiyo walikuwa wameingia kuokoa wenzao. Funzo hili linahusu pia visima na mashimo ya vyoo majumbani. Mwenzako akianguka chini, usimfuate. Piga kelele uite msaada, na avutwe kwa kamba kutoka juu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali kama hapo ni salama kabla ya kumwingiza mfanyakazi.

Hatari ya pili ni kemikali. Aina nyingi za resini zina staireni, ambayo huwasha macho na kuleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kuwa moshi mweupe unaotoka bomba linapokaushwa kwa mvuke si mvuke mtupu, bali umechanganyika na kemikali. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka staireni katika kundi la kemikali zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Njia salama zaidi ni resini isiyo na staireni, ukaushaji kwa taa badala ya mvuke, na kuzungushia eneo la kazi uzio ili wapita njia na watoto wasisogee.

Maji yaliyotumika kukaushia nayo yasimwagwe mtaroni. Mwamba wa matumbawe una matundu, kwa hiyo kinachomwagwa juu hufika kwenye visima vyetu. Na mitaro mingine huishia ufuoni, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Diani–Chale, ambapo wavuvi wetu hupata riziki.

Wajibu wako, mkazi

Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, imeyapa majimbo ya kaunti jukumu la mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA. Mwananchi halazimiki kujua mpaka uko wapi ndipo aripoti:

- Ukiona lami imedidimia au shimo linalorudi, mjulishe msimamizi wa wadi au ofisi ya Manispaa ya Diani, ukitaja mahali hasa.
- Usitupe taka mtaroni, wala kuunganisha bomba la choo kwenye mtaro wa mvua. Gesi inayomuua fundi huanzia hapo.
- Usimlipe kijana aingie kwenye kalvati au manholi kuzibua kwa mikono.
- Kazi ya resini ikifanyika karibu nawe, mwaga maji kwenye matundu ya sakafu ya bafu ili mvuke usipande ndani ya nyumba, na fungua madirisha. Ukisikia harufu kali, ondoka na umwarifu msimamizi wa kazi.
- Kwenye mikutano ya maoni ya umma, uliza mkandarasi atatumia resini gani, gesi itapimwa na nani, na maji machafu yatapelekwa wapi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kalvati huzibwa kwa gharama ndogo wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaondoka na barabara yote.