Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo aliye mafunzoni: ukikaa naye, utegemee nini?

Sema "nina mawazo" kijiweni Nachingwea au Ruangwa, kila mtu atakuelewa. Ushauri nao hauchelewi: sali, vumilia, achana naye. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo hafanyi hivyo. Hata aliye bado mafunzoni anafundishwa kujizuia.

Mara nyingi ana digrii ya saikolojia na anaongeza ya uzamili. Chuo cha Muhimbili (MUHAS), kwa mfano, kinafundisha saikolojia tiba ngazi hiyo. Akiwa mafunzoni anakaa na wateja halisi chini ya msimamizi. Dawa haandiki, hiyo ni kazi ya daktari.

Kusini huku wapo watakaomfananisha na kungwi, na hawajakosea sana: wote hukaa na mtu faragha kwenye kipindi kigumu. Ila kungwi anakufunda, jibu analo kabla hujafika. Huyu anauliza. Mkulima aliyeuza korosho na deni bado liko palepale haambiwi "jikaze". Anaulizwa usingizi ukoje, hali ilianza lini, nani nyumbani anajua. Kisha wanachagua tatizo moja la kuanza nalo.

Njia inayofanana na hiyo imepimwa Zimbabwe. Mradi wa Friendship Bench, ulioanzishwa na Dk Dixon Chibanda, uliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao kina mama watu wazima, kukaa na wagonjwa kwenye benchi. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha waliokaa benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mradi umefika hadi Zanzibar.

Mji mdogo, hofu kubwa ni siri. Uliza mapema: nani mwingine atasikia haya? Mwanafunzi anapaswa kukwambia wazi kwamba msimamizi wake atajua, na kwamba siri ina mpaka maisha yakiwa hatarini.

Hapo ndipo wengi wananyamaza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu kama hicho ni kinyume cha katiba. Lakini kifungu cha Tanzania kinataja kujaribu. Kumwambia mtaalamu kwamba unawaza kujiua si kosa.

Na mwenye mawazo hayo asisubiri miadi. Aende hospitali ya wilaya, hata usiku, na mtu anayemwamini.