Mtoto Aliyezaliwa Akitembea

Wajukuu zangu wa Masisi na Walikale, mkitaka hadithi yenye joka la vichwa saba, safari ya kuzimu na mtoto asiyedhurika kwa mkuki, msihangaike kuitafuta Ulaya. Imetoka msituni kwenu, kwa Wanyanga wa Walikale, nami naitanguliza mbele ya vitabu vyote nitakavyowatajia leo.

Shujaa wake ni Mwindo. Baba yake, Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba wazae wasichana tu. Mvulana akizaliwa, atauawa. Sita walizaa wasichana. Wa saba mimba yake ilikawia, na huku inakawia kuni zikawa zinajileta zenyewe mlangoni, maji nayo yanajileta. Mtoto alikuwa anafanya kazi za nyumbani kabla hajazaliwa! Alipotoka, alitokea kwenye kidole cha mama yake, anatembea, anasema, mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati.

Baba akarusha mkuki, haukumpata. Akamzika, akafukuka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaibuka, mtoto akiimba ndani yake, kisha ikapanda mto kuelekea kwa shangazi yake, Iyangura.

Siku ilifika Mwindo akarudi na nguvu zake, na Shemwindo akakimbilia chini ya ardhi. Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Kabla ya kumfuata baba yake kuzimu, Mwindo anampa shangazi ncha ya kamba na kumwambia: kamba hii ikiacha kutikisika, ujue nimekufa. Kisha anashuka. Huko chini Muisa, mungu wa kuzimu, anamtaka apande shamba la migomba, na vifaa vinalima vyenyewe. Muisa anampiga Mwindo hadi kumwangusha, na usinga unamwinua. Kwa Sheburungu, mungu mwingine wa huko, Mwindo anacheza mchezo wa mbegu na kushindwa, anashindwa tena, mali yote inakwenda mpaka amebakiwa na ule usinga peke yake. Anauweka nao, na safari hii bahati inageuka. Muda wote huo, juu, mwanamke amekaa na kamba mkononi. Anayewasomea akifika hapo, mwambieni anyamaze kidogo, nanyi msikilize kamba.

Baba anapatikana. Hauawi, wanapatana na kugawana utawala. Wasimulizi wengi wangemalizia hapo. Msimulizi wa hadithi hii aliendelea. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe, anatuma wawindaji msituni, na joka Kirimu linawameza watatu. Mwindo analiua na kulipasua, nao wanatoka wazima. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, ambaye siku zote alimsaidia Mwindo. Radi anashuka na kumchukua juu mwaka mzima, kwenye baridi. Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamkanya: asiue tena mnyama. Shujaa mwenye nguvu kuliko wote anarudi kijijini ameonywa, na ndiyo maana namwamini. Shujaa asiyezuiwa na yeyote huchosha upesi.

Aliyeisimulia ni Shekarisi Candi Rureke, mwaka 1956. Kwa siku 12 aliimba, akacheza na kuigiza, njuga miguuni, vijana wakimpigia vijiti, huku Daniel Biebuyck wa Ubelgiji na Kahombo Mateene, Mnyanga, wakiandika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mwombeni mwalimu au kaka ajuaye Kiingereza awasimulie kwa Kiswahili, kipande kila jioni. Na kama nyumbani kuna mzee Mnyanga, muulizeni yeye kwanza. Vita vikiwa vimewahamisha mbali na shule, hadithi hii haihitaji dawati.

Mkishamaliza, mtafuteni Elisi. Ni msichana anayemfuata sungura shimoni na kukuta mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na kwenye picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikitafsiri upya. Kinawafaa wanaopenda kucheka.

Wa darasa la tano na la sita nawapa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Kiswahili chake kina kina. Someni polepole, hata ukurasa mmoja kwa siku. Ndani yake mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mna pia Adili, mtu mwema, liwali wa Janibu, ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili kwa mjeledi. Mfalme Rai anapata habari na kumwita ajieleze: kwa nini mtu mwema anafanya ukatili huo? Adili anaanza kusimulia, na manyani wanamsikiliza, kwa sababu hadithi ni yao.