Kabla ya Kuziba Ufa

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini nani atauonyesha ufa usioonekana kwa macho?

Kule Ufaransa, wakati wa baridi, nyumba hutiwa joto kwa gesi au umeme. Joto likipotea darini na madirishani, fedha ya jamaa hupotea pamoja nalo. Kwa hiyo, tangu mwaka 2006, auzaye nyumba hana budi kumwita mkaguzi. Tangu 2007, apangishaye vilevile. Mkaguzi hutazama kuta, dari, madirisha na mtambo wa joto, kisha huipa nyumba herufi: A ni bora, G ni mbaya kabisa. Tarehe 1 Januari 2025 sheria ilianza kukataza nyumba ya G isipewe mpangaji mpya.

Ndugu msomaji, ukiwa na jamaa huko, umshauri hivi: amchague mkaguzi mwenye cheti na bima, asiye na uhusiano na mafundi wa matengenezo. Auzaye madirisha ataona ubovu madirishani tu! Tena amwonyeshe hati za kazi zilizokwisha fanywa. Pasipo hati, mkaguzi hukadiria kwa umri wa nyumba, na kazi njema yaweza kukosa kuhesabiwa.